Pikapu kuukuu zilizotubeba na mafundi waliozifufua

Ndugu zetu, tulipoandika kuhusu redio za wazee wengi mlitujibu mkidai sasa ni zamu ya magari. Sawa, tumekubali, ila si magari yote. Tutazungumzia pikapu, tena zile kuukuu, zile ambazo Watanzania wanaziita mikweche. Hapa Nakivale bado zinapanda kilima asubuhi na mapema zikiwa na magunia ya mahindi, mikungu ya matoke, godoro, mbuzi wawili, na juu kabisa kijana ameshika kamba kana kwamba amezaliwa hapo.

Kwenye kikundi chetu wapo wanaofanya kazi gereji, chini ya mzee mmoja aliyetoka Kivu Kusini na spana zake kwenye mfuko wa unga. Waliobaki ni wapenzi tu, wa kwenda jioni kuangalia injini ikifunguliwa na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa hiyo tunayoandika hapa ni mchanganyiko wa tuliyoyasoma na tuliyoyaona kwa macho, mikono ikiwa na grisi.

Tuseme mapema tunachoamini, ili mtubishie vizuri. Watu husema Toyota haifi. Hata kule Uingereza mwaka 2003 kipindi kimoja cha magari cha televisheni kilichukua Hilux kuukuu, wakaiacha baharini, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo na kuliangusha jengo lenyewe, na bado ikawaka. Tuliitazama video hiyo kwenye simu tukacheka, maana wale mafundi waliifufua kwa spana na nyundo, na hilo ndilo ambalo watu huwa hawalisemi wanaposimulia. Sisi tunaona nusu ya sifa za pikapu zimepelekwa kiwandani wakati zilipaswa kuletwa gereji.

Na tangu mwanzo ilikuwa hivyo. Pikapu haikubuniwa na mhandisi aliyekaa mezani. Wakulima wa Marekani walikuwa wameshaanza wenyewe kukata magari yao nyuma na kupigilia mbao ili wabebe mazao. Ndipo Aprili 1925 kampuni ya Ford ikaanza kuuza Model T yenye sanduku la chuma nyuma, kwa dola 281. Kiwanda kiliwaiga wateja. Mtu wa jua kali akisoma hapo anatabasamu.

Hilux yenyewe ilitoka Japani Machi 1968, ikiundwa kwenye kiwanda cha Hino, na injini ndogo ya lita 1.5. Jina limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, maana yake ni kama anasa ya juu. Nyinyi mliowahi kutoka Mbarara mkiwa mmekalia saruji nyuma ya Hilux, mnaruhusiwa kucheka. Mwaka 1979 ikaja ya kuvuta magurudumu yote manne, na hapo ndipo Afrika na Hilux wakafunga ndoa.

Lakini huku kwetu Toyota haikuwa ya kwanza. Waulizeni wazee, watawatajia Peugeot. Mbio za Safari Rally zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Gari lililoshinda kwenye tope lile lile tunalolima sisi halikuhitaji tangazo lingine. 404 ya pikapu ilipofika, watu waliijengea kibanda nyuma, wakaweka mabenchi, ikawa matatu. Jina matatu lenyewe lilitokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akaziruhusu zibebe abiria bila leseni maalumu, na pikapu ambazo zilikuwa zikikimbia polisi zikawa usafiri wa mji. Dar es Salaam nako pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana ziliitwa chai maharage, pengine kwa sababu mlikaa uso kwa uso kama watu waliozunguka sinia. Baadaye ikaja 504 ya pikapu, nayo iliunganishwa Kenya kwa miaka mingi.

Sasa hebu tuingie kwenye miaka ya shida, maana fundi wa kwetu alizaliwa humo.

Tanzania baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni hazikuwepo. Spea haziji, magari mapya hayaji. Ni mwaka 1984 ndipo serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Uganda ilikuwa imetoka kwa Amin ikaingia kwenye vita vingine. Zaire ya Mobutu barabara zilikuwa zinaliwa na msitu, na watu wakawa na utani wa katiba: kifungu cha 15, jitegemee. Kote huko gari halikutupwa. Beringi ikiisha, fundi anatafuta ya gari jingine inayokaribia, anachonga kiti chake. Gasketi inakatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Bapa la springi likikatika linachongwa jingine kutoka kwenye chuma cha lori. Nairobi mafundi wa Kamukunji walikuwa wanagonga chuma juani mpaka Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 na kuahidi vibanda. Kampala kuna Katwe, na kuna soko la Kisekka ambako mtu akikosa spea husema basi haijatengenezwa duniani.

Mzee wetu wa gereji alijifunza katika miaka hiyo. Anasema kitabu alikiona baadaye sana, na alipokiona alikuta kimeandikwa mambo anayoyajua.

Kwa nini hasa pikapu ya zamani inatengenezeka? Tutaeleza kidogo, na nyinyi wa mashirika msiruke hapa.

Kwanza, ina chesisi. Yaani kuna fremu ya chuma kama ngazi imelala chini, na juu yake bodi imefungwa kwa bolti. Bodi ikioza unaifungua, unachomelea, unarudisha. Chesisi ikipasuka, mara nyingi karibu na mshikio wa springi, unaweka kipande cha chuma na kuchomelea. Magari madogo mengi ya leo hayana ngazi hiyo, bodi ndiyo mfupa wenyewe, na ikishapinda imepinda.

Pili, dizeli ya zamani haihitaji akili ya umeme. Kwenye silinda hewa inabanwa mpaka inapata joto kali, dizeli inanyunyizwa, inawaka yenyewe bila cheche. Injini za Toyota za ukoo wa L, yaani 2L ya lita 2.4, 3L ya 2.8 na 5L ya 3.0, pampu yao ya dizeli inazungushwa na injini yenyewe. Umeme unatakiwa kupasha plagi za joto, kuzungusha staata na kushikilia kivalvu kimoja kidogo ambacho ndicho kinazima gari. Basi. Staata ikifa, watu wanne na kilima vinatosha. Ndiyo maana asubuhi pale kwetu gari linaegeshwa likitazama mteremko, na mgeni anadhani dereva hajui kuegesha.

Injini ya namna hii inaongea na mtu yeyote mwenye macho. Moshi mweusi: dizeli nyingi au hewa kidogo, angalia kichujio cha hewa na nozeli. Moshi wa buluu: inakula oili, pengine ringi za pistoni zimeisha. Moshi mweupe asubuhi ukapotea, usihangaike. Moshi mweupe usioisha, na maji ya rejeta yanapungua kila siku bila kuvuja chini, hapo roho inaanza kudunda. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, iwashe, utazame. Mapovu yakipanda mfululizo, moto wa silinda umepata njia ya kuingia kwenye maji: gasketi ya hedi imeungua au hedi yenyewe imepasuka. 2L inajulikana kwa ugonjwa huo ikishachemka mara moja. Na mkanda wa taimingi usiuchezee. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana, na bei ya mkanda uliyokataa kulipa unailipa mara kumi. Toyota inasema ubadilishwe kila kilomita 100,000, lakini kwenye gari ambalo kisoma kilomita kilikufa kabla hatujazaliwa, mzee anaandika tarehe kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha mkanda. Ukinunua mkweche, tafuta maandishi hayo kwanza, rangi ya bodi baadaye.

Tatu, springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mzigo ukizidi, watu wanaongeza bapa. Hapa wapenzi hugombana. Wafanyabiashara wanataka bapa tatu zaidi, kisha wanapakia kama lori. Mzee anakataa: springi ikiwa ngumu haikatiki yenyewe, inapeleka kipigo kwenye chesisi, na inayokatika sasa ni chesisi. Hilux ilitengenezwa kwa takriban tani moja. Kuongeza bapa hakuongezi breki hata kidogo.

Kupakia nako ni elimu, jamani. Mzigo mzito unakaa mbele, karibu na kabini. Ukiuweka mkiani nyuma ya ekseli, pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, na huo wepesi ndio unaowapeleka watu mtoni. Magunia yanalazwa kama matofali, kila safu ikifunga ya chini. Kamba inapita msalaba, turubai inafungwa kuanzia mbele ili upepo usiiinue. Kwenye mteremko unashuka na gia ile ile ambayo ungepandia, usikanyage breki mfululizo, maana zikipata moto hazishiki tena. Kila mwaka tunazika watu kwa sababu ya pikapu zilizojaa abiria juu ya mzigo. Tunazipenda, lakini hatutaki kudanganya mtu kwamba ni magari salama. Hazina mifuko ya hewa, nyuma hakuna mikanda, na watu wa juu wanashikwa na kamba ya manila tu.

Kwa waliotoka Kongo au Burundi kuna elimu ya ziada. Kule tunaendesha upande wa kulia wa barabara, hapa Uganda upande wa kushoto. Goma na Bukavu magari mengi yameletwa na usukani wa kulia, kwa hiyo dereva anayetaka kulipita lori haoni kitu. Utingo aliyekaa kushoto ndiye macho. Anachungulia, anasema "ngoja, ngoja, enda!" na maisha ya wote yako kwenye neno hilo moja. Mzee alianza hivyo, kama macho ya mtu mwingine.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo tulijadiliana kama tuiandike. Tumeamua tuiandike. Wapo kwenye kikundi ambao sauti ya pikapu ya dizeli usiku bado inawaamsha. Pikapu ile ile inayobeba mahindi imebeba pia bunduki. Mwaka 1987 Chad iliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru, kwa kutumia Toyota zenye makombora ya kupiga vifaru, Fada mwezi Januari na Wadi Doum mwezi Machi, na awamu hiyo ikaitwa Vita vya Toyota. Somalia miaka ya mwanzo ya 1990 pikapu zenye mizinga zikaitwa kwa Kiingereza technicals. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba mashirika ya misaada yalilazimika kukodi walinzi wenye silaha, na kwenye hesabu gharama hiyo ikaandikwa kama msaada wa kiufundi. Ndugu wa mashirika, neno hilo limetoka kwenye vitabu vyenu vya hesabu.

Sababu zilizompa mpiganaji gari hilo ndizo zilizompa mkulima: linapita popote, linatengenezeka kwa spana chache, spea zake ziko kila soko. Kuna mwenzetu aliyesema kwamba kwao pikapu ilikuja mara mbili siku moja. Ya kwanza ilileta watu wenye silaha. Ya pili ilikuwa ya muuza samaki, ikapakia wanawake na watoto mpaka springi zikagusana na chesisi, ikaenda mpakani. Anasema hakumbuki sura za watu wa gari lolote kati ya hayo mawili, anakumbuka harufu ya samaki. Leo yeye ndiye bingwa wetu wa kusafisha nozeli.

Halafu kuna ile nyeupe yenye antena, ambayo mtoto wa kambi anaijua kabla ya kujua a e i o u. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza Novemba 1984. Injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ilikuja mwaka 1990, nayo ni dizeli ya mtindo ule ule wa zamani, bila kompyuta wala tabo. Nchi tajiri ziliiacha kwa sababu ya moshi, lakini mashirika ya misaada yaliendelea kuinunua kwa miaka mingi, mengi kupitia muuzaji maalumu aliyeko Gibraltar. Mnaona? Watu wenye bajeti na wahandisi wao walifika kwenye jibu lile lile la mzee wetu mwenye spana kwenye mfuko wa unga: mbali na mji, gari zuri ni lile unaloweza kulifungua.

Ila mlango unafungwa polepole. Hilux ya kizazi kilichoanza mwaka 2004 ilikuja na dizeli ya reli moja, ambapo kompyuta inapanga unyunyizaji na shinikizo ni kubwa mno kwa mafuta machafu. Maji kidogo kwenye dizeli, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, nozeli zimekufa, na nozeli nne mpya zinaweza kupita bei ya mkweche mzima. Inatumia mafuta kidogo, moshi ni mdogo, hatubishi. Lakini ikizima Rubondo, bila kifaa cha kusoma kompyuta hata mzee anaitazama tu. Kwa upande mwingine, Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu 2018 imezuia kuingiza lenye zaidi ya miaka 15. Maana yake LN106, ile Hilux ya mwaka 1988 na kuendelea yenye springi bapa mbele na nyuma ambayo mafundi wanaiheshimu kama babu, haiji tena. Zilizopo ndizo hizo. Moja inachinjwa ili mbili ziishi.

Na hapa ndipo tunapowaomba ndugu wa mashirika mtusikilize. Mafunzo ya vijana yanapokuja huwa ni ushonaji, saluni, mikate, siku hizi kompyuta. Hatuyadharau, dada zetu wanakula kutokana nayo. Lakini kuna vijana hapa wameshusha injini ya 3L na kuirudisha ikawaka, na kwenye fomu zenu wanaandikwa hawana ujuzi kwa sababu hawana karatasi. Karatasi inawezekana. Uganda kuna utaratibu wa kuwapima kwa vitendo mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa cheti kiitwacho Worker's PAS. Mkimbizi hapa ana haki ya kufanya kazi kwa sheria ya mwaka 2006. Kinachokosekana ni ada ya mtihani na usafiri wa kwenda kupimwa. Kingine ni kifaa kimoja cha kusoma kompyuta za magari, ili vijana wawe na mguu mmoja kwenye 3L na mwingine kwenye gari la leo. Wenzetu wa Nyarugusu, kule Kasulu, hali yao ni ngumu zaidi maana kutoka kambini ni kwa kibali, lakini kwao nako tunajua wako wazee wa spana wanaokaa bure wakati ujuzi wao unazeeka nao. Wapo wazee waliotengeneza magari miaka arobaini. Hakuna aliyewaandika.

Sisi tumeanza kuandika, na tumeanzia kwenye maneno. Gereji yetu ina lugha zisizokubaliana. Mzee anaomba buji, kijana wa Nairobi anampa plagi, ni kitu kile kile. Mzee anasema ambreyaji, Mtanzania anasema klachi. Supapu ni valvu. Kriki ni jeki. Siku ya kwanza mzee aliomba kriki akaletewa kreki, yaani kipande cha chuma kilichopasuka, kwa kuwa kijana alisikia hivyo, na gari likabaki juu ya mawe mpaka jioni. Tuna maneno kama sitini kwenye daftari. Wasomali wa Base Camp wametuahidi ya kwao. Kama baba yako, babu yako au jirani yenu alikuwa na pikapu kule nyumbani, tuandikie ilikuwa aina gani, ilibeba nini, na sehemu zake mliziitaje. Picha ikiwepo tutafurahi, ila ficheni namba ya gari na sura za watu.